Nasaha kwa Daktari Anayetafuta Mdhamini Ng'ambo

Kijana aliyekwisha kula kiapo cha udaktari, akamaliza mwaka wake wa utarajali, kisha akarudi kukaa nyumbani kwao Gerezani au Mchikichini akingojea tangazo la ajira, hakosi mtu wa kumnong'oneza kwamba Uingereza inatafuta madaktari, na kwamba yupo bwana mmoja mwenye ofisi ghorofani, si mbali na uwanja wa Mnazi Mmoja, ambaye kwa shilingi milioni kadha wa kadha atampatia sponsa. Jambo hilo husemwa kwa wepesi ule ule wa kumwelekeza mtu duka la vitenge. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na zaidi kwa ajili ya wazazi wake, kwa kuwa aghalabu fedha zinazotoka ni zao, na kiwanja kinachouzwa ili zipatikane ni chao.

Yapasa ifahamike kwanza kwamba udhamini wa viza ni ahadi ambayo mwajiri huipa serikali yake. Mwajiri husema mbele ya serikali hiyo: mtu huyu namhitaji, kazi yake ni hii, mshahara wake ni huu, na siku akiondoka kwangu nitatoa taarifa. Daktari mwenyewe hutajwa tu katika ahadi hiyo, hashiki upande wowote wa kamba. Kwa hiyo kabla hujauliza utaingiaje katika nchi ya watu, uliza siku mdhamini akikuachilia mkono, ama kwa kufilisika, ama kwa kukukinai, ama kwa kunyang'anywa leseni na serikali yake kwa makosa ambayo wewe huyajui, utabakiwa na muda gani na utaelekea wapi. Nchini Uingereza mhamiaji ambaye udhamini wake umekatika hupewa kwa kawaida siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Nchini Marekani mwenye viza ya kazi ya H-1B hupewa muda usiozidi siku 60 vile vile. Muda huo si mrefu kwa mtu mwenye mke, watoto walioanza shule, na mkataba wa nyumba ya kupanga. Daktari anayekwenda pasipo akiba ya miezi mitatu mfukoni anakwenda akiwa amemkabidhi mwajiri wake uhuru wote alionao.

Wala mtu asidhani kwamba udhamini ukitoka juu sana basi hauvunjiki. Mwezi Machi 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, ujumbe wa serikali ya Kenya ulifika Dar es Salaam na kumwomba Rais John Magufuli madaktari 500, naye akakubali. Vijana wetu wakahimizwa kuomba, na wengi wakaona kwamba safari imekwisha. Kulikuwa na maneno ya marais wawili, kulikuwa na ahadi ya mishahara na nyumba, na nchi yenyewe ni jirani ambaye hata lugha yake ni yetu. Lakini madaktari wachache wa Kenya walikwenda mahakamani wakisema kwamba kwao wako madaktari wasio na kazi, na mahakama ikazuia ajira hiyo. Mwezi Aprili mwaka ule ule Magufuli akaamuru waombaji 258 waliokuwa wamekubaliwa kwa safari ya Kenya waajiriwe na serikali hapa nyumbani, na kwa hao mambo yakaisha kwa heri. Ikiwa ahadi ya Ikulu mbili iliweza kutanguka mbele ya hakimu mmoja, basi ahadi ya bwana wa ghorofani, ambaye hata jina lake kamili hulijui, ina uzito gani?

Baada ya hayo tuje kwenye kazi iliyo mikononi mwako mwenyewe, ambayo hakuna dalali anayeweza kukufanyia na ambayo hugharimu kidogo kuliko yote. Nayo huanza na jina lako. Chukua karatasi zako zote uzipange mezani, moja kando ya mwenziwe: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, shahada, leseni, kitambulisho cha taifa, pasipoti. Si ajabu ukakuta kwamba wa kwanza anaitwa Hamisi Saidi, wa pili Hamis S. Mohamed, wa tatu Khamis Said Mohamed, na wa pasipoti Khamis Saidi Mohammed mwenye m mbili. Hapa Kariakoo kila mtu ajua kwamba huyo ni Hamisi mmoja, mtoto wa mzee Saidi; lakini karani aliyeko Philadelphia, ambako shahada za madaktari wa dunia nzima huthibitishwa, hata za wale wanaoelekea Uingereza, huona watu wanne, na barua yake ya kukataa haina hasira wala huruma. Lichague jina moja, aula liwe lile la vyeti vya mitihani na shahada kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kubadili, kisha pasipoti na kitambulisho vilifuate. Penye tofauti isiyoondoka, tengeneza hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa kanuni, usitosheke na karatasi ya kiapo iliyogongwa mhuri wa wakili dakika tano katika duka la kutolea nakala. Nimepata kuona mtu akipoteza nafasi ya mtihani kwa sababu ya herufi h, na fedha ya mtihani haikurudi.

La pili lililo mikononi mwako ni hadhi yako mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kila nchi utakayoiomba itataka hati ya mwenendo mwema kutoka katika baraza lililokusajili, na hati hiyo hupelekwa moja kwa moja kutoka baraza hadi baraza na huchakaa baada ya miezi michache. Basi usiiombe mapema mno kwa pupa wala usichelewe hadi ukaikimbilia. Leseni iliyokwisha muda hukufunga mlango hata kama wewe ni bingwa wa mabingwa. Hapa nina neno kwa wale waliosoma China, Urusi, Ukraine au kwingineko, wakarudi na shahada za kigeni. Wengi wao hudhani kwamba kwa kuwa wamekwisha kusoma nje, nje ndiko kunakowafungukia upesi, wakairuka safari ndefu ya kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ya mtihani wa Baraza na ya utarajali. Hilo ni kosa lenye gharama. Mabaraza ya ng'ambo huuliza umefanya utarajali wapi, na nani amekusajili. Daktari asiye na usajili wa nchi aliyozaliwa wala wa nchi aliyosomea huonekana kama mtu aliyekimbia jambo. Fanya utarajali wako Muhimbili, Amana, Temeke au popote utakapopangiwa, uumalize, uchukue leseni, ndipo utazame bahari.

Sasa Uingereza, ambako vijana wengi hupenda kwenda na ambako maneno ya uongo ni mengi zaidi. Njia ya kawaida ya daktari wa Kitanzania ni mtihani wa PLAB wa sehemu mbili, na wa pili hufanyika Manchester tu. Kwa hiyo yahitajika viza ya ziara ili ukafanye mtihani, kisha viza nyingine ukipata kazi, na kukubaliwa kwa ile ya kwanza hakukupi haki yoyote juu ya ile ya pili. Kabla ya hapo kuna Kiingereza: wastani wa 7.5 katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma, bila kushuka chini ya 7 katika sehemu yoyote, au daraja B katika mtihani wa OET ambao umetungwa kwa watu wa tiba. Matokeo haya hukubaliwa kwa miaka miwili, na kati ya sehemu ya kwanza ya PLAB na ya pili isipite miaka miwili, na kati ya ya pili na ombi la usajili isipite miwili tena. Mwenye kuanza na mtihani wa lugha kwa sababu ndio mwepesi, kisha akajikalia akikusanya fedha za mengine, hurudia kulipa. Panga miaka hiyo juu ya karatasi moja kabla hujalipa senti ya kwanza.

Juu ya udhamini wenyewe, liko jambo ambalo kila mzazi wa Mnazi Mmoja angepaswa kulijua. Mwaka 2010 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na kwa kuzifuata kanuni hizo Shirika la Afya Duniani huweka orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu; orodha ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Uingereza huifuata orodha hiyo: waajiri wake wa afya wamezuiwa kuja kuvua madaktari katika nchi hizo, wao wenyewe wala kwa mkono wa wakala. Daktari kwa nafsi yake hakuzuiwa. Akiona tangazo la kazi akaliomba mwenyewe, akasailiwa, akafaulu, aweza kudhaminiwa kwa halali. Natija yake ni nini? Ni kwamba mtu yeyote anayekuambia kuwa ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya madaktari hapa Dar es Salaam, ama ni mwongo, ama anavunja kanuni za hospitali anayodai imemtuma, na katika hali zote mbili hupaswi kumpa kitu.

(Uwanja wa Mnazi Mmoja wenyewe, kwa wasiojua, uliachwa wazi zama za ukoloni ili kuutenga mji wa Wazungu na Wahindi na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya ya umma. Wenyeji wa hapa si wageni wa mipaka inayochorwa kwa jina la afya. Orodha ya sasa ina nia njema kuliko ule uwanja, kwa maana inataka hospitali za mikoani, kama za Ligula na Maweni, zisibaki bila daktari. Lakini kijana asiye na ajira haoni ubora wa nia hiyo, na simlaumu.)

Cheti cha udhamini cha Uingereza, ingawa huitwa cheti, hakishikiki. Ni kumbukumbu katika mtandao wa serikali yao, na unachopewa wewe ni namba, ambayo yafaa kutumiwa ndani ya miezi mitatu. Ukionyeshwa karatasi nzuri yenye taji, mihuri mitatu na picha yako kandoni, jua kwamba imepigwa chapa hapa hapa, pengine mtaa wa tatu kutoka ulipokaa. Majina ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini huwekwa wazi na serikali ya Uingereza katika daftari ambalo hutazamwa bure. Litazame, lakini usikome hapo, kwa sababu matapeli huiba majina ya hospitali za kweli. Tazama barua pepe imetoka katika anwani ya hospitali yenyewe au ya gmail. Tazama kama kazi hiyo imetangazwa hadharani. Tazama kama ulisailiwa na madaktari waliokuuliza maswali ya udaktari. Mwajiri anayempa kazi daktari ambaye hajapata kumuuliza dalili za kifaduro hayupo. Na juu ya fedha: kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi ni haramu kwa sheria ya Uingereza, na kwa vyeti vilivyotolewa tangu mwisho wa 2024 mwajiri amekatazwa hata kumtwika mfanyakazi mzigo wa ada ya cheti hicho. Unachopaswa kulipa mwenyewe ni mitihani, usajili, ombi la viza, kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, na nauli kama mkataba haukuitaja. Viza ya wahudumu wa afya, iliyoanzishwa Agosti 2020, ina nafuu: ada yake ni ndogo kuliko ya viza nyingine za kazi, na mwenye nayo husamehewa ile tozo kubwa ya matibabu.

Pamoja na hayo yote sina budi kusema ukweli usiopendeza. Soko la Uingereza limejaa. Nafasi za mafunzo ya ubingwa hugombewa na waombaji wengi kuliko nafasi zenyewe, na tangu 2025 serikali yao imetangaza kuwatanguliza wahitimu wa vyuo vyake. Wako waliofaulu sehemu zote mbili za PLAB, wakasajiliwa, na bado wanaandika maombi usiku na mchana bila jibu. Ukiwa na mwaka mmoja tu wa utarajali na huna kazi nyingine uliyoifanya tangu hapo, uko nyuma ya foleni hiyo. Miaka miwili ya kazi ya kweli katika hospitali ya mkoa, hata kwa mkataba, hata kwa posho isiyoridhisha, pamoja na barua ya bingwa aliyekuona ukifanya kazi, ina thamani kwa msaili wa Uingereza kuliko mtihani wa tatu.

Marekani ina ugumu wa namna nyingine. Anayekwenda kusomea ubingwa huko kwa kawaida hutumia viza ya J-1, na mdhamini wake si hospitali bali ni taasisi ile ile ya Philadelphia inayothibitisha shahada. Nayo hutaka barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi ya uraia wako, ikisema kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani hiyo na kwamba umeahidi kwa maandishi kurudi. Mtanzania aliyesoma China hataiomba barua hiyo Beijing. Ataiomba Dodoma, na aianze mapema. Masomo yakiisha sharti lake ni kurudi nyumbani miaka miwili. Barua ya serikali yako ya kukusamehe haikubaliwi kwa madaktari waliosomea ubingwa kwa viza hiyo. Mlango mkubwa uliobaki ni mpango unaoitwa Conrad 30, ulioanza 1994, ambao kila jimbo huwaombea msamaha madaktari 30 kwa mwaka, nao wakakubali kufanya kazi miaka mitatu mahali penye uhaba. Viza ya H-1B haina sharti la kurudi, lakini kwa tangazo la Septemba 2025 mwajiri anayemwombea mtu aliye nje ya Marekani amewekewa malipo ya dola 100,000, na hospitali zenye moyo wa kulipa fedha hiyo kwa ajili ya mwanafunzi wa ubingwa ni adimu. Juu ya hayo, kwa tangazo la Desemba 2025 Tanzania iliingizwa katika nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu kuanzia Januari mosi 2026, na viza za J zimo. Amri za namna hii hutangazwa na huondolewa. Anayesomea mitihani ya Marekani asome, elimu haiozi, lakini asilipe ada za maombi ya mwaka wowote kabla ya kusoma amri iliyopo siku hiyo, kwa macho yake na si kwa kusimuliwa.

Ghuba wazee wetu waliijua kabla ya Ulaya, na kwa watu wengi wa pwani Muscat ni mahali penye shangazi. Huko shahada huthibitishwa na kampuni ya DataFlow, kisha kuna mtihani wa leseni, na kazi hupatikana upesi kuliko kwingine kwa daktari mwenye uzoefu wa miaka kadhaa. Mfumo wa kafala, ambao zamani ulimfunga mfanyakazi asihame pasipo ridhaa ya kafili wake, umelegezwa: Qatar mwaka 2020, Oman tangu Januari 2021, Saudi Arabia tangu Machi 2021. Umelegezwa, sikusema umekwisha. Soma mkataba ulioandikwa Kiarabu kwa msaada wa mtu wako mwenyewe anayekijua, kwani nakala ya Kiarabu ndiyo itakayosomwa na hakimu. Na pasipoti yako usimpe mtu akuhifadhie, hata akikuambia kuwa ndiyo desturi ya huko.

Mawakala wa kazi wa hapa nchini si wote wabaya, na sheria inawatambua. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ndio wenye dhamana ya kuwasimamia. Omba kuona kibali cha mtu huyo, uiandike namba, kisha ukaiulize kwenye ofisi yenyewe kabla ya kumpa nakala ya shahada yako. Anayekasirika ukimwomba kibali amekwisha kukujibu. Fedha yoyote unayotoa iwe kwa stakabadhi yenye jina la kampuni, isiingie katika simu ya mtu binafsi. Na usisahau Bodi ya Mikopo: deni la masomo haliishi kwa kupanda ndege, na ilhali hapa nyumbani mwajiri hukukata asilimia 15 ya mshahara bila wewe kujishughulisha, huko itakupasa kupanga marejesho mwenyewe. Pata taarifa ya deni lako kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Iko pia njia ambayo haisifiwi vibarazani kwa sababu haina ndege ndani yake. Daktari aweza kusomea ubingwa MUHAS hapo Upanga, au KCMC Moshi, au Bugando Mwanza. Na anayetaka upasuaji yuko Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, ambacho humfundisha akiwa kazini katika hospitali iliyokubaliwa. Bingwa hutafutwa na nchi nyingine kwa masharti mepesi kuliko daktari wa kawaida, na mwenye kutafutwa huchagua mdhamini. Kwa maoni yangu, kwa kijana wa miaka 27 asiye na deni la kifamilia linalomkaba, miaka minne hapa kisha safari ni hesabu bora kuliko safari leo.

Chama cha Madaktari Tanzania na Baraza wangefanya jambo la maana kama wangeyachapa haya kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja kwa kila nchi, pamoja na namna ya kuiomba Wizara ile barua ya kwenda Marekani na orodha ya mawakala wenye vibali kutoka TaESA, wakazibandika katika kila hospitali yenye watarajali, wakazibadilisha kila miezi sita. Kazi hiyo yaweza kuanza kwa watu watatu na kompyuta moja, na twaomba ianze mwaka huu.